Tano kwa Tisa, Shemeji

Kila nikikaanga samaki, nikishamtumbukiza kwenye mafuta nikasikia ile shhhh, mkono wangu husita. Wanangu hudhani naogopa kurukiwa na mafuta. Wala. Masikio yangu yanatafuta sauti ya mtu ndani ya ile kelele. Ni mazoea niliyoyapata utotoni, nyumbani kwetu Misima, Handeni, na mpaka leo hayajanitoka.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi aliyependa redio kuliko mahindi. Si redio ya taarifa ya habari, hapana. Ile redio ya upepo, unaongea na mwenzako wa mbali anakujibu. Kibali chake alikitundika ukutani, na kila siku akishaswali alasiri alikaa mbele ya lile sanduku la chuma lililotumia betri ya gari na kunuka vumbi lililopata moto. Mama alikuwa akisema ana mke mwenza wa chuma.

Mbele ya sanduku palikuwa na kioo kidogo, na ndani yake mshale. Mtu akiongea kutoka mbali, mshale ulipanda. Baba alinifundisha kwamba sikio hutoa alama moja mpaka tano, kwa jinsi maneno yanavyoeleweka, na mshale hutoa moja mpaka tisa, kwa nguvu ya mawimbi yanayofika. Mtu ukimpata barabara unamwambia tano kwa tisa. Kuusoma mshale ilikuwa kazi yangu, maana macho ya Baba yalishaanza kuchoka, na mimi nilijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Rafiki yake wa hewani alikuwa Mjomba Hoza, kaka yake Mama, Msambaa wa Vugiri, juu kule milimani Korogwe. Sasa shemeji ni mtu wa heshima, tena kaka wa mkeo. Mshale uende utakakokwenda, Baba alimjibu, "Tano kwa tisa, shemeji, kama upo hapa barazani." Siku moja nilimnong'oneza kwamba mshale umeishia kwenye sita. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mgeni.

"Mtu akikuuliza hujambo, unaanza na maradhi?" aliniambia. "Unasema sijambo kwanza."

Mwaka ule Mama alikuwa mjamzito na mimba ilimsumbua, akapelekwa kwao Vugiri akajifungulie mikononi mwa bibi. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu wala kwao. Habari zote za Mama zilipita kwenye lile sanduku, kupitia kinywa cha Mjomba Hoza. Masika yakaanza, na mshale ukaanza kushuka.

Niwaambie ukweli, hakuna aliyenidanganya, niliyatunga mwenyewe kichwani. Niliamini mshale unapima nguvu za watu wa nyumba ile. Ulipofika nne nilijua Mama hali vizuri. Ulipofika tatu nilianza kubakiza ugali. Shangazi, aliyekuja kutupikia, akadhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu, nami nikainywa bila kubisha, maana ningemweleza nini? Na kila siku nilimsikia Baba akisema kwa furaha: tano kwa tisa, shemeji.

Kisha ikaja alasiri ile. Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Baba aliwasha redio, ikaja shhhh, na ndani yake sauti ya Mjomba kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Tulipata neno "dada". Tukapata "damu". Baba akamwomba arudie, akarudia, safari hii tukaambulia "gari" tu. Mshale ulitetemeka kwenye moja ukalala. Halafu, Mungu anajua kwa nini hilo likafika zima, tukasikia, "Shemeji, umenipata?"

Baba alishika kipaza sauti. Jasho lilimtoka puani. Leo namwelewa: jana yake alisema tisa, juzi alisema tisa, sasa aanzie wapi? Midomo yake ikaanza kufanya lile umbo la "tano". Nikakipokonya kile kipaza sauti. Sikuwahi kumpokonya Baba kitu maishani mwangu.

"Shikamoo Mjomba. Hatukupati. Mshale uko kwenye moja."

Kwa mbali sana ikaja: "Tangu lini?"

"Unashuka tangu Mama aje huko."

Ikabaki shhhh peke yake. Baba hakunipiga wala hakunigombeza. Alikaa na viganja juu ya magoti, akisoma dua kwa sauti ndogo, nami nikaukazia macho ule mshale uliolala mpaka machozi yakanitoka. Nilijua kabisa kwamba mama yangu amekufa na kwamba mimi ndiye niliyeitaja ile moja.

Mshale uliruka ghafla, ukagota nane. Sauti ya Mjomba ikajaa chumba kizima. Kumbe mvua ilikuwa imeangusha nguzo yake ya antena, waya umelala migombani siku zote hizo, naye hakwenda kuutazama kwa sababu shemeji yake alimwambia anasikika kama yupo barazani; sasa alikuwa ametoka akautundika juu ya mti. Akasema Mama ametokwa na damu nyingi, lori la kabichi limekubali kumshusha hospitali ya Korogwe, Baba akutane nao huko aje na mtu wa kutoa damu. Kisha akakisogeza kipaza sauti kitandani kwa Mama.

"Sijambo, mwanangu," alisema Mama. "Umekula?"

"Baba, nane!" nilipiga kelele, nikiruka. "Mama ana nane!"

Baba alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nilidhani anacheka.

Mama alirudi baada ya muda mrefu, amekonda, mikono mitupu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mshale ulipima waya na nguzo, haukumpima mtu. Nilitazama nane nikafurahi. Baba aliisikiliza sauti ya Mama, akajua. Na ile sijambo ya mama yangu ilikuwa tano kwa tisa yake.

Sasa Mama ni mzee, yuko palepale Misima, na simu yake inashika mtandao vizuri kabisa. Nikimpigia husema hajambo, kisha huniuliza kama nimekula. Zamani nilikuwa naridhika, nakata simu. Siku hizi nazima jiko kwanza ili mafuta yanyamaze, ndipo namwambia, "Mama, nipe namba."

Hucheka, huniambia nina ukorofi wa baba yangu, Mungu amrehemu. Juzi hakucheka. Nilimsikia akipumua.

"Mbili," alisema. "Njoo, mwanangu."