Mkupuo wa Kwanza wa Mama Kulwa

Bado naikumbuka siku ile ya machimboni Segese, mwanangu, ingawa tangu hapo nimelala kwenye vitanda vingi vya kukodi, Geita hadi Shinyanga mjini, hata miguu imechoka. Nilikuwa kijana kutoka Didia mwenye cheti cha kidato cha nne, karani wa kompyuta kwenye plenti, yaani mtambo, ya marudio. Marudio ni mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa. Sisi tuliulowesha kwa dawa kutoa dhahabu iliyobaki.

Mama Kulwa, mjane, alikuwa na lundo moja tu la marudio. Aliniuliza kama linafaa kuloweshwa. Chini ya gramu kumi na tano, gharama zingemeza dhahabu yote. Sampuli ilionyesha mkupuo wa kwanza, yaani kulowesha mara ya kwanza, ungetoa gramu kumi na mbili, na kila unaofuata nusu ya uliotangulia. Mikupuo minne. Ningejumlisha hata kwa kalamu. Lakini nilikuwa nimejifunza fomula ya Excel ya kujumlisha mfululizo wa vipeo, nikataka nionekane mjuzi. Fomula inataka uiambie ianze na kipeo gani. Ilipaswa kuwa sifuri, mimi nikaandika moja, hivyo hata mkupuo wa kwanza ukakatwa nusu.

"Kumi na moja na robo," nikamwambia. "Achana nalo, mama."

"Kama kompyuta imesema, basi."

Akawaachia majirani mchanga wake wajazie mashimo ya njia. Siku ya tatu, mvua imeshanyesha, msimamizi wetu Mzee Masanja akachungulia karatasi yangu.

"We mtoto wa Didia, mkupuo wa kwanza gramu ngapi?"

"Kumi na mbili, mzee."

"Na yote minne?"

"Kumi na moja na..."

"Mmoja umeizidi minne! Shule gani hiyo? Nenda kamwambie mama wa watu."

Nikajumlisha upya: ishirini na mbili na nusu. Nikaenda hadi njiani, nikaona bodaboda zikiukanyaga mchanga wake, umeshakuwa tope. Kesho yake nikapanda basi la Geita. Sikumwambia.

Mwaka jana nilipita Segese. Nilimwamkia Mama Kulwa shikamoo, akanipa uji, akanishukuru kwa kumwepusha na hasara. Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia yote.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "tungekwenda na majembe tukauzoe mchanga wetu."

Mwanangu, kabla hujampa mtu jibu la mashine, hesabu hatua ya kwanza kwa mkono wako. Na ukikosea, mwambie uliyemkosea wakati majembe yangali na kazi. Mungu akupe macho ya kuliona kosa lako mapema, na miguu ya kukurudisha kwa uliyemkosea kabla haijachoka kama yangu.