Maji ya Baba Mkwe

Shoga zangu wa Kyela mjini walinicheka sana. "Kila siku Ikolo, kila siku Ikolo, unalipwa nini huko?" Nami nawajibu, silipwi kitu, endeleeni na majungu yenu. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye vijisenti akawa muuza mitumba, na mume wangu alikuwa na duka. Nilichoka kukaa nyuma ya kaunta nikibishana na watu juu ya bei ya sabuni. Mtoto sikujaliwa. Kusema kweli, hapakuwa na mtu aliyenisubiri popote.

Basi muuguzi mmoja akaomba wanawake wa kujitolea kuwatazama wagonjwa majumbani. Hospitali zilikuwa zimeanza kutoza, na maskini walirudi kufia kwao. Mimi nikapewa mjane mmoja wa kijiji cha Ikolo. Mumewe alikwishazikwa kwa ugonjwa ule ule ambao hakuna aliyethubutu kuutaja, majirani wakaikwepa nyumba, na ndugu zake mwenyewe hawakufika. Aliyebaki ni baba mkwe wake, mzee aliyekaa nyumba ya pili, nyuma ya migomba.

Sasa hapo ndipo penye shida. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mzee akipita, mkwe hujifunika kanga na kuinama pembeni mpaka apite. Hawapeani kitu mkononi, hawakai chumba kimoja. Ni heshima, siidharau, japo sisi wenye asili ya pwani hatuna hiyo. Lakini mgonjwa hawezi kujitekea maji, na mtu pekee aliyekuwa karibu naye ni yule asiyeruhusiwa kuingia.

Kwa hiyo mzee akawa anateka maji, anapika uji, anaviweka mlangoni, anaondoka. Mwanzoni mgonjwa alijikokota akavifuata. Baadaye hakuweza tena, nikawa naenda kila siku kwa baiskeli kumwogesha, kumgeuza na kumnywesha.

Na wallahi nilikuwa na raha! Nikiingia tu anasema, "Dada, kengele yako nimeisikia tangu kule barabarani," moyo wangu unajaa. Alikuwa na utani huyo. "Weye Mswahili, mbona unanikanda kama unga wa maandazi?" "Nyamaza," namwambia, "ukiumuka nakuuza." Tunacheka mpaka anapaliwa. Nilirudi nyumbani nimekuwa mwepesi, nikiimba jikoni, mume wangu akishangaa.

Siku moja nikamuuliza, "Na nisipofika?"

"Utafika."

"Nasema nisipofika. Mwache baba akupe maji."

Akajifunika uso papo hapo. "Dada, usiniaibishe."

Mzee naye nilipomweleza alitikisa kichwa. "Mama, nikikanyaga mle, nitakuwa nimemvunjia heshima mwanangu aliye kaburini." Nikawaacha. Ningefanya nini?

Kisha masika yakaingia, na Kyela haijui mvua ya nusunusu. Mto ukafurika, ukafunika daraja na mashamba ya mpunga huku na huku. Nikasimama ukingoni na baiskeli yangu, nikarudi nyumbani. Kesho yake hali ile ile. Nikamwomba mwenye mtumbwi anivushe, akanitazama kama mwehu. "Mama, umechoka kuishi?" Nikalia pale pale mbele za watu, bila hata haya, kwa sababu nilijua yule dada amelala kule anatega sikio barabarani.

Maji yalipopungua kidogo nikavuka, yakinifika kiunoni. Nikamkuta mzee ameketi mlangoni kwa mkwewe, mahali ambapo sikuwahi kumwona amekaa.

"Niliingia, mama," akasema, hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Nilimsikia akiomba maji. Usiku akaomba, asubuhi akaomba. Nikavumilia, nikashindwa. Nikaingia na kikombe."

"Akanywa?"

"Aliposikia hatua zangu akajifunika. Nikamwambia, mwanangu, kunywa, mila nimeivunja mimi, si wewe. Akageukia ukutani. Nikamsogezea maji pale kwenye kanga, akakataa. Basi nikayaweka karibu yake, nikatoka, nikisema labda nikiwa sipo atakunywa."

Nikampita, nikaingia. Alikuwa amelala ubavu, amegeukia ukuta, kanga imemfunika kichwa chote, na mkono mmoja umenyooshwa nyuma kuelekea kikombe. Haukufika. Kikombe kilikuwa kimejaa.

Nikaketi sakafuni. Niliwachukia wote, mzee, majirani, mto, na yule dada mwenyewe na adabu yake. Nikajichukia na mimi, na ile furaha yangu ya kusubiriwa. Nikamfunua uso, nikachovya vidole nikamlowesha midomo, nikijua fika kwamba ni kazi bure.

"Ndaga, mama," mzee akashukuru kwa Kinyakyusa kutoka nje. "Ndaga fijo. Ulimtunza." Kisha akauliza taratibu kama sasa anaweza kuingia, amuage.

Nikaangalia ule uso ambao hajawahi kuuona.

"Ngoja kidogo, baba," nikamwambia. "Nimfunike kwanza."