Murija wenye Uzi Mwekundu

Munganga muzungu aliniambia nisiguswe na jua. Aliniambia mimi, mukulima wa Munigi, mwenye shamba juu ya mawe ya volkano ambayo saa sita yanachoma nyayo kama kikaango. Nipumzike muchana. Nikunywe maziwa. Nikule nyama na matunda. Nivae kofia pana kama wale mamadamu wa kizungu wa kando ya ziwa. Anfirimie wa dispanseri ya Goma, muuguzi aliyekuwa anatafsiri, alisema yote hayo bila aibu, halafu akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa: dawa ya ugonjwa wangu ni kuzaliwa muzungu. Hiyo hakuitafsiri.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji, kabla ya uhuru. Nilikuwa bibi kijana mwenye mutoto moja, binti, bado ananyonya. Baada ya kumuzaa, uso ulianza kunibadilika. Madoa yalitoka kwenye mashavu na juu ya pua, makavu, yenye magamba. Yakipona yanaacha ngozi nyeupe katikati na nyeusi pembeni, kama mutu aliyerushiwa chokaa. Nywele za mbele zikakatika. Asubuhi vidole vinavimba, vinagoma, siwezi kushika mupini wa jembe. Vinakuja kulegea saa nne, na saa nne jua limeshafika. Kwa hiyo nilipewa kuchagua: kulima juani uso uungue, ao kukaa kivulini tumbo liungue.

Mama mukwe wangu alikuwa na jina la ugonjwa huo kabla ya munganga. Aliuita uvivu.

"Siku zetu," alisema, "mwanamuke alizaa asubuhi, muchana akapalilia."

Alizaa watoto saba, na ukimusikiliza, wote walitoka yeye akiwa na jembe mukononi.

Munganga alinipa vidonge vya manjano, vichungu, vile vile vya malaria. Halafu akanipa karatasi ya kupelekea sefu, mukubwa wa kijiji chetu, ili niondolewe kwenye kazi ya barabara. Maana kila nyumba ililazimishwa kutoa mikono ya kubeba mawe na kuziba mashimo, na mikono ya nyumba yetu ilikuwa yangu. Bwana yangu alikuwa siku zote kwenye plantasio ya kahawa. Kwenye karatasi munganga aliandika jina la ugonjwa: lupus.

Karani wa sefu alikuwa mutu wa suruali iliyopigwa pasi na kalamu mbili mufukoni, moja haina wino. Kifaransa chake kilikuwa cha kusalimia wazungu na kutukana wakulima. Alishika karatasi yangu, akaiangalia muda mrefu kama mutu anayetafuta mufupa ndani ya samaki, halafu akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Lèpre," akasema. "Mama, uko na ukoma."

Mutu mwenye akili angesema: neno hili silijui. Lakini karani kusema hajui, afazali afe. Akaniandika katika kitabu chake. Akasema Jumatatu kamyo, lori ya serikali, itapita kukusanya wakoma na kuwapeleka kambini, safari ya siku mbili.

"Na mutoto?"

"Mutoto muzima haingii kambini. Mumwachishe kunyonya."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Habari ilifika nyumbani kabla yangu, na haina hata miguu.

Kwetu pombe ya mutama inanywewa katika chungu kimoja. Mirija inapita toka mudomo kwenda mudomo, na kumunyima mutu murija ni kumwambia ameshakufa. Jioni ile mama mukwe alinikatia murija mupya, akaufunga uzi mwekundu ili pasikosewe. Akaniwekea kibuyu changu pembeni, karibu na kuku.

"Kila mutu na wake," akasema, kwa sauti ya mutu anayegawa zawadi.

Halafu akamuchukua binti yangu mapajani, akaanza kumulisha uji. Mutoto alitema. Akamulisha tena, akatema tena. Nilimupenda sana huyo mutoto siku ile. Majirani waliozoea kuomba moto kwangu waliomba kwingine. Bwana yangu aliangalia miguu yake. Ni mutu mwema, sikatai, lakini wema wa kuangalia miguu haujawahi kushusha mutu kwenye kamyo.

Ijumaa, niko jikoni peke yangu, nikafungua ile karatasi. Mimi nilisoma miaka miwili kwa masista, mupaka baba akaona inatosha kwa mutu wa kuolewa. Kifaransa sikujua. Lakini a, e, i, o, u nilizijua, maana kila moja iliingia na fimbo yake. Karani alisema neno lenye kuanza na le. Kwenye karatasi neno lilianza na lu. Nilisoma mara kumi. Lu. Nikafunga karatasi, nikamunyonyesha binti yangu mbele ya mama mukwe, naye akageuka kuangalia ukuta.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa sefu, mutoto mugongoni. Bwana yangu aliacha kazi siku ile, akanifuata nyuma, hatua ishirini, kama mutu ambaye njia yetu imefanana tu. Sefu, muzee wa koti la kaki, alikuwa barazani anakata kucha. Karani alikuwa mezani kwake.

"Bwana karani, nisomee tena."

"Nilishakusomea, mama."

"Nilisahau. Sisi wakoma tunasahau haraka."

Sefu akacheka kwa pua. Karani akasoma bila kuigusa karatasi: "Lèpre."

Nikaweka kidole. "Hii herufi ya pili inaitwaje?"

Akachukua kalamu yake, ile isiyo na wino.

"Inaitwa u," nikasema. "U ya uso, u ya ugali, u ya ujinga. Wewe umesema le. E iko wapi?"

"Wanganga wanaandika vibaya, kila mutu anajua. Unataka kunifundisha Kifaransa?"

"Kifaransa sikijui. Ninakufundisha u."

"Mama, heshima," sefu akasema, lakini alikuwa ameacha kucha zake.

Nikapiga magoti mbele yake, maana heshima ninaijua. "Muzee, mukoma hasikii mwiba pale penye doa. Hata watoto wanajua hiyo. Karani ako na pini kwenye makaratasi. Anichome, mimi nifunge macho, nitaje anaponichoma. Nikikosa, nitapanda kamyo mwenyewe, hamutanisukuma."

"Muchome," sefu akasema.

"Muzee, ataniambukiza."

Karani alikuwa ameshasogea mupaka ukutani na suruali yake ya pasi. Ndipo bwana yangu akapanda barazani, akachukua pini mezani bila kuomba. Nikafunga macho. Nilifungua jicho moja, nikaona yeye ndiye amefunga macho.

"Papa wa mutoto," nikamwambia, "ukifunga na wewe, utanitoboa jicho."

Akachoma.

"Shavu la kushoto," nikasema. "La kuume. Juu ya pua. Tena kushoto, chini kidogo, na umechoma sana, unatafuta nini humo?"

Sefu alicheka mupaka akapangusa macho. Halafu akampa karani ile karatasi na kumwambia aende dispanseri yeye mwenyewe, kwa miguu, sasa hivi, aulize. Ilikuwa karibu saa sita. Nilimuona anashuka kwenda Goma juani bila kofia, nikatamani barabara iongezewe urefu.

Alirudi vumbi mupaka kwenye nyusi. Anfirimie amesema si ukoma, hauambukizi. Lupus ni jina la munyama wa Ulaya, anafanana na imbwa ya pori. Ugonjwa umeitwa hivyo kwa sababu unakula uso. Karani alieleza hayo kama mutu aliyeyajua tangu kuzaliwa, akafuta jina langu kitabuni. Samahani hakusema. Wiki haijaisha, watu wakaanza kuniita Mama Imbwa. Nikaitika. Imbwa inalala nyumbani kwake.

Wajukuu wangu, na ninao kumi na wanne, wote wenye meno mazuri, wananiuliza niliishi vipi na ugonjwa huu bila kitu. Niliishi hivi: asubuhi nilikaa ndani nikachambua maharagi na kuangalia watoto wa jirani, naye jirani akanilimia mistari yangu. Alasiri, jua likienda nyuma ya milima ya Masisi, nililima yake. Nilijisukia kofia ya maganda ya migomba, pana kama ungo. Wanaume waliopita barabarani walisema, "Bonjour, madamu," na mimi niliwajibu, "Bonjour, boyi." Vidonge vikipatikana, madoa yalitulia, vikikosa, yalirudi, na vilikosa mara nyingi. Nyama nilikula Noeli na Pasaka. Kuhusu maziwa, wenye ngombe walinipa shauri nzuri ya kununua ngombe.

Mutama ulipovunwa mwaka ule, mama mukwe alipika pombe, ukoo wote ukaja. Tulikaa kuzunguka chungu. Binti yangu alikuwa mapajani pangu, bado ananyonya, mukubwa hivi mupaka watu wanamucheka. Mama mukwe akanyonya murija wake, akaupangusa, akanipa mbele ya watu wote, kichwa kimeinama kidogo.

"Kunywa, binti yangu. Mambo yameisha."

Niliingiza mukono kwenye kitambaa changu, nikatoa ule wenye uzi mwekundu. Nilikuwa nimeuweka miezi yote ile. Nikautumbukiza chunguni, nikavuta, pombe ilikuwa nzuri, pombe alijua kupika. Halafu nikamugeuzia yeye.

"Kwanza Mama anywe kwa wangu," nikasema.

Aliuangalia uzi, akaniangalia, akaangalia mutoto. Nilingoja. Mukono wangu ulikuwa unauma kwenye kila kiungo, lakini sikuushusha. Akainama, akaweka mudomo wake pale palipokuwa wangu, akanywa.

"Vuta tena, Mama," nikamwambia. "Hiyo ilikuwa kidogo."

Akavuta tena.