Upande wa Pili wa Santuri ya Guka

Harufu ya pareto iliyoanikwa juani hunirudisha nyumbani, kwenye miinuko ya juu ya Gilgil, msimu ule Shangazi Nyambura alipokuwa akiposwa. Sikukaa sana shuleni, wala tangu hapo sijakaa sana mahali popote, lakini msimu ule ninaukumbuka wote. Babu yetu, Guka, alikuwa na gramafoni aliyoachiwa na mzungu aliyekuwa mwajiri wake, pamoja na santuri moja ya wimbo wa mapenzi uliorekodiwa Nairobi kabla ya uhuru. Upande wa kwanza mwanamume anaimba kwamba nyumba ameshaiezeka, ila jikoni hamna moto. Upande wa pili mwanamke humjibu, na huo ndio nyanya yetu, Shosho, alioupenda. Sindano zilipokosekana madukani, Guka aliichukua ile butu akainoa kwenye jiwe la kunolea panga. Ikailima sauti ya mwanamke yule kama plau, ikabaki mikwaruzo mitupu.

Hatukujali sana hadi mchumba wa shangazi, fundi wa mabomba kule Olkaria, alipotuma habari kwamba watu wake wangefika wakiimba upande wa kwanza. Kwetu wageni wa mahari huimba nje ya lango, na hawafunguliwi mpaka wanawake wa boma wajibu. Kukosa jibu ni kuwaambia warudi kwao, na shangazi alimtaka fundi wake.

“Mama, hukumbuki hata neno moja?” shangazi akamuuliza Shosho.

“Nakumbuka sauti ya yule mwanamke tu,” Shosho alisema.

Tukakesha tumetega masikio redioni. Bendi fulani ilikuwa imeurekodi wimbo ule upya kwa magitaa ya umeme, lakini iliimba sehemu ya mwanamume pekee. Kanda tuliyoazima kule Ndabibi ilikuwa vivyo hivyo. Shosho akacheka. “Hawa wanaume wanauliza, halafu hawangoji kujibiwa.”

Siku ikafika. Wageni waliimba vizuri, wakamaliza, na wanawake wetu wakatazamana.

“Tugeuze gari?” mzee mmoja akauliza kwa dhihaka kutoka nje.

Ndipo shangazi, ambaye kwa desturi alipaswa kufichwa kimya ndani, akaimba kupitia dirisha: “Moto nitauwasha mimi, kuni utapasua wewe.” Wanawake wakaangua kicheko, wakaupokea, na lango likafunguliwa.

Tangu hapo nimezunguka Nakuru na Naivasha nikiwauliza wenye santuri kuukuu, na upande wa pili sijaupata. Siku hizi simu yangu ina kila rekodi ya wimbo ule, hata ya kijana mmoja aliyeupigia ngoma za kompyuta. Zote ni za mwanamume anayeuliza. Lakini mwezi uliopita, kwenye mahari ya watu nisiowajua huko Ndabibi, wasichana waliwajibu wageni kwa maneno ya shangazi yangu. Nikaimba nao kwa sauti kubwa, kumbe walikuwa wameongeza ubeti.

“Mzee,” mmoja akanishika mkono, “kama hujui wimbo, sikiza kwanza.”

Nikanyamaza, nikajifunza.