Mawe kwenye Foleni ya Sindano

Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule darasa la sita nikabaki na wadogo zangu wanne kule kijijini Buger. Kitinda mimba wetu, msichana wa miaka mitatu, akashikwa na nimonia. Zahanati ya upande wa Karatu ilimwandikia sindano saba, moja kila siku. Nesi akanionya: nikiruka siku, hesabu inaanza upya, kama mtoto atakuwa bado mzima.

Kutembea saa tatu na mtoto mgongoni niliweza. Kilichonishinda ni mawe.

Waliokaa karibu na zahanati walikuwa na mtindo wao. Alfajiri mtu anaweka jiwe lake barazani, anarudi kwake kukamua ng'ombe na kunywa chai. Sisi wa mbali tukifika tunakuta foleni ya mawe, tunakaa nyuma yake. Siku ya nne dirisha la sindano lilifungwa saa sita mchana, kabla sijalifikia. Nilirudi na mtoto anakoroma kifua, nami nalia kwa hasira.

Siku ya tano nilikuta mawe kumi na moja, nikamwendea nesi.

"Sista, nianze mimi. Jana nilikosa."

"Kaa kwenye mstari, binti."

"Nyuma ya nani? Mbona hakuna mtu?"

"Hilo la kwanza ni la mama mwenye duka. Atakuja."

"Na huyu akifa?"

"Usinipigie kelele. Utaratibu sikuuweka mimi."

Mwenye utaratibu alikuwa mganga mkuu wa zahanati, mtu mpole, ila kila asubuhi aliingia kwa mlango wa nyuma. Baraza hakuiona. Aliposikia kimya huko nje, alidhani ni nidhamu.

Nikainua jiwe la mama mwenye duka, nikazunguka nyuma, nikaingia bila hodi, nikalitua juu ya meza yake.

"Shikamoo, daktari. Mgonjwa wako wa kwanza huyo. Mpime homa."

"Una wazimu?"

"Wenzake kumi wako nje."

Akatoka kwa mlango wa mbele. Akayatazama mawe moja moja.

"Wenyewe wako wapi?"

"Wanakunywa chai, daktari," akajibu kibarua mmoja wa shamba la kahawa. "Hawa ni wajumbe wao."

Watu wakacheka. Mganga hakucheka. Alimgusa mtoto paji la uso, akaagiza mawe yatupwe, na kwamba kuanzia siku hiyo wanaotoka mbali watangulie. Mama mwenye duka alifika akanuna, akaniita mwizi wa jiwe.

Hesabu ilianza upya: sindano saba nyingine. Ya kwanza mganga alimchoma mwenyewe. Akiwa anavuta dawa, akaniuliza nilitoka nyumbani saa ngapi. Nikamwambia jogoo la kwanza.

"Kumbe ni mbali," akasema.

Nilikuwa na la kumjibu. Nikalimeza, maana sindano ilikuwa bado mkononi mwake.