Mbegu za Jiko Chafu

Fukusi hang'ati, lakini akikupanda mkononi mwili mzima unasisimka. Siku ile nilipofungua kibuyu cha mbegu nyumbani kwa mwanangu, huku Mkonze mjini, walimwagika wao kwanza, weusi, wanakimbizana, halafu unga unaonuka kama tambara lililolala na maji. Mtama wenyewe ulikuwa maganda matupu. Nilitapika, tena kwenye sinki la mkwe wangu.

Mtama ule tunauita lugugu. Mvua ikikatika katikati ya msimu, mahindi yanajikunja na kufa, wenyewe unasubiri. Nilipewa na mama mkwe, naye alipewa na shangazi yake, na hao wa nyuma yao majina yote ninayo kichwani, ila sitayataja. Waacheni walale.

Kwetu mbegu hukaa juu ya moto. Unaning'iniza masuke juu ya mafiga, moshi unayapaka masizi mwaka mzima, mdudu akisogea anakohoa. Nilipohamia kwa mwanangu nikakuta jiko la gesi na dari nyeupe pe. Mkwe wangu akasema, "Mama, haya masuke yatatuchafulia dari." Akayapukuchua vizuri, akatia kibuyuni, kibuyu kabatini. Si mtu mbaya. Lakini gesi haina moshi, na fukusi hakuhitaji kukaribishwa.

Basi siku ile mkwe akaja mbio na kopo la dawa ya mende. "Usihangaike mama, napulizia sasa hivi."

"Pulizia kope zako!" nikamwambia. "Unamtibu maiti?"

Mawingu yalikuwa yameshasimama. Nisipopanda msimu ule, lugugu wa mama mkwe umefia mikononi mwangu. Na kwetu mbegu ya namna hiyo haiuzwi, huombwa, kwa mdomo wako mwenyewe. Aliyebaki nayo ni mmoja tu, kule kijijini: mke mwenzangu.

Mwanamke yule ni mchafu. Sisemi kwa wivu, mume wetu alishakufa, wivu wa nini? Kuku wanalala uvunguni mwa kitanda chake. Mbuzi anakojoa mlangoni. Ugoro anautema popote ulimi ulipo. Jikoni masizi yananing'inia kama kamba za katani.

Alinikuta nimesimama mlangoni, nimekunja gauni lisiguse chini.

"Mbukwa, bi mkubwa! Mjini wamekufukuza?"

"Mbukwa. Nimekuja kuomba mbegu ya lugugu. Yangu imeliwa."

"Mbegu? Kwangu? Si ulisema hata fisi akipita jikoni kwangu anaziba pua?"

Ni kweli nilisema, tena msibani, mbele za watu.

"Kaa, ule kwanza," akasema. "Asiyekula kwangu hapandi cha kwangu."

Akanipakulia ugali na mlenda. Juu ya mlenda kilielea kipande cha masizi, na pembeni unywele. Akakaa kunitazama, mkono shavuni, kama anayetazama ngoma. Niliwaza kuondoka. Nikawaza shamba. Nikachota, nikafumba macho, nikameza bila kutafuna, maana mlenda una fadhila hiyo moja. Unywele niliusikia kooni mpaka nilipomaliza bakuli.

"Umeshiba au nikuongeze?"

"Nimeshiba."

Ndipo akapanda kigoda, akashusha masuke meusi kama lami. Nikayafikicha kiganjani. Punje zikatoka nyeupe, ngumu, nzima. Nilitafuta fukusi hata mmoja, nipate la kusema. Hakuna.

"Ukivuna unirudishie," akasema, akitema ugoro karibu na mguu wangu. "Na ulete mwenyewe. Nitakupikia."

Nilipanda. Mvua ilikatika wiki nyingi, mahindi ya jirani yakawa makuti, lugugu ukasubiri, kisha ukainuka. Sasa unachanua nyuma ya nyumba ya mwanangu, na kila asubuhi watu wananipongeza. Mimi nikiutazama naliona lile bakuli la mlenda, kwa sababu utakomaa.