Niliachilia Mukono wa Muzee

Nimekosa, wandugu. Ninaanza na neno hilo sababu nikianza na jingine nitajisifu, na mimi ninajijua: kujisifu kwangu hakuna breki.

Jina langu sitaandika. Hapa katika muji wa Kasongo wananiita Shampioni, inatosha. Kama uko na telefone na unaishi huku kwetu, hakika umeona ile video. Nimevaa koti nyeupe ya judo, niko Japani, ninamubeba mwanaume mgongoni, ninamutupa chini, puu! Halafu ninanyanyua mikono yote miwili juu. Sekunde tisa tu. Ilitoka Kasongo ikafika Wamaza, ikafika Lusangi kwenye machimbo. Mutu mmoja wa moto, hizi pikipiki za kubeba watu, alipaka rangi neno JUDO nyuma ya moto yake, kwa heshima yangu!

Ile video ni uongo. Na mwenye kuitengeneza ni mimi.

Ngoja muelewe kwanza mimi ni mutu gani. Masomo niliacha mwaka wa nne wa primeri. Nilisukuma kinga, ile baiskeli ya kubeba mizigo, na bidoni za mafuta ya mawese kutoka Wamaza mpaka Kasongo, ndevu hazijaota hata tatu. Nikachimba dhahabu Lusangi. Nikauza vipande vya moto, nikafungua butiki yangu. Hakuna baba mukubwa aliyenipa hata musumari mmoja! Siku tajiri wa Dar es Salaam aliponiambia kwamba anatafuta watu wa kufungua magari ya zamani kule Japani, kipande kwa kipande, wayapakie kwenye kontena, sikuuliza Japani iko upande gani. Nilienda. Nani mwingine wa avenyu yetu alishafika kule? Nitajieni mmoja!

Munaona? Hakuna breki.

Lakini kuna kitu sikuwahi kumuambia mutu wa kwetu. Japani nilikuwa peke yangu kama jino la mwisho mudomoni.

Hawakunitukana. Hawakunifukuza. Hakuna aliyenigusa, basi! Kasongo ukienda soko kununua chumvi, unarudi umeshikwa mukono na watu ishirini, na mumoja wao bado anakushika anakueleza habari za mbuzi wake. Kule unalipa dukani, mwenye duka anaweka chenji kwenye kisahani, anakisukuma mbele yako, anainamisha kichwa. Kisahani! Nilikuwa ninanyosha mukono nipokee, ninaurudisha mutupu. Kila siku. Kazini tulikuwa watu watano, kila mumoja na gari lake la kufungua, makelele ya mashini, hakuna mazungumzo. Nikahesabu siku moja: miezi minne hakuna ngozi ya mutu iliyogusa yangu.

Musinicheke. Mutu muzima, mwenye muke na watoto, analilia kushikwa mukono!

Basi jumamosi moja nikipita karibu na shule, nikasikia puu, puu, puu, kama wanawake wanatwanga mihogo. Nikachungulia. Ukumbi, mikeka imetandazwa, watoto na wazee wanatupana chini. Mwalimu wao akaniona, akaniita kwa mukono. Nikavua viatu.

Aliyenipokea kwenye mukeka ni muzee mumoja, mwembamba, miaka yake sabini na kitu. Seremala aliyeacha kazi. Jina lake pia sitaandika, sababu sikumuomba ruhusa. Nitamuita Muzee. Akanishika kola kwa mukono mumoja, na mukono wa koti kwa mukono wa pili. Nikajisemea: huyu nitamuvunja kama kijiti. Kumbe! Niliona dari. Nikaamka, nikaona dari tena. Siku ile niliangushwa mara kumi na saba, na kila mara Muzee anacheka, ananivuta niamke.

Nilirudi chumbani kwangu mwili wote unauma, na nilikuwa na furaha kama bibi harusi. Mutu alinishika!

Niliendelea kwenda miaka mitatu. Ukweli wote ni huu: sikuenda kwa judo. Nilienda kwa kushikwa.

Jambo moja lilinisumbua mwanzoni. Kule munaanza kwa kuinamiana. Mimi mutoto wa musikitini, nilikuwa ninasita, shingo inakauka. Muzee akaona. Akatoa telefone yake, ile inayotafsiri, ikaniuliza kwa Kiswahili cha kitabuni: «Kwenu mnawasalimu wazee namna gani?» Nikamuonyesha: unatoa mukono wa kuume, na ule wa kushoto unashika mukono wako chini ya kiwiko, kwa heshima. Tangu siku ile, wengine wakiinamiana, Muzee anakuja kwangu na ananisalimu kikwetu. Yeye mukubwa, ananiheshimu mimi mudogo! Ilikuwa kinyume, lakini sikumurekebisha. Nilipenda.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, sababu kosa langu linalala hapa.

Kwenye judo, ukimutupa mutu, haumuachilii. Mukono wake unabaki umeushika mpaka mugongo wake unagusa mukeka, unauvuta kidogo juu, ili aanguke vizuri. Hiyo ni sheria ya kwanza, kabla ya nguvu. Mwalimu alinieleza kwa ile telefone, na ilisema: «Yeye anakukabidhi mwili wake. Tafadhali urudishe.»

Nilicheka ile Kiswahili ya telefone. Leo sicheki.

Huku Kasongo, lakini, mimi nilikuwa nimeshajitangaza. Niliwaambia ninapigana na majitu, ninawaangusha wote. Shemeji yangu Saidi, kaka wa muke wangu, yule mutu ulimi wake ni pilipili, akanipigia.

«Shemeji, tuonyeshe basi huo upiganaji!»

«Niko na kazi mingi.»

«Kazi gani? Ao unapigana na watoto?»

Nikanyamaza. Maana siku ile nilikuwa nimeangushwa na musichana wa miaka kumi na mbili.

«Amenyamaza!» Saidi akapiga kelele, nikasikia watu wanacheka nyuma yake. «Wandugu, shemeji yangu ni shampioni wa kuanguka! Mama yako iko hapa, anauliza kama kule wanakupa chakula.»

Kumbe mama alikuwa anasikia yote. Hiyo ndiyo iliniuma.

Jumamosi iliyofuata nikamuomba Muzee. Nikaiambia telefone: mama yangu ni muzee, anataka kuona mutoto wake anamutupa mutu, mara moja tu. Muzee akasoma, akacheka mpaka akashika magoti. Akajibu, na telefone ikasema: «Kwa ajili ya mama, nitaanguka kwa uzuri.»

Nikategemeza telefone yangu kwenye chupa ya maji. Mara ya kwanza nikamutupa, mukono nimeushika, akaanguka vizuri. Mara ya pili vilevile. Tukaangalia. Aa, haikunipendeza! Ilionekana kama ninamulaza mugonjwa kitandani. Nikamusikia Saidi kichwani: shampioni wa kumulaza muzee!

Nikasema mara moja tena. Muzee akainyosha koti yake, akanisalimu kikwetu, mukono wa kushoto chini ya kiwiko. Akaja.

Nikamubeba. Na alipokuwa juu, miguu yake hewani, nikaachilia mukono wake ili ninyanyue yangu.

Masikini mimi!

Alikuwa ananitegemea. Alipoona hakuna anayemushika, akanyosha mukono wake chini, kama mutu yeyote anayeanguka, na bega likafika kwanza. Mufupa wa bega ulilia. Mimi nilikuwa nimesimama, mikono juu, nimemupa mugongo, ninaitazama telefone. Nyuma yangu nikasikia pa, pa. Anapiga mukeka kwa mukono uliobaki muzima. Kule hiyo ni namna ya kusema: inatosha, nimeshindwa, niachilie.

Niachilie! Na mimi nilikuwa nimemuachilia kitambo!

Watu wa ukumbini hawakunipigia kelele. Ningependa wanipige! Wakamufunga bega, wakamupeleka hospitali, na Muzee akipita mulangoni, uso mweupe kama karatasi, alinitazama akajaribu kucheka. Mwalimu akaiokota chupa yangu, akaipanguza, akanipa kwa mikono miwili. Basi.

Sasa kosa la pili, na ni baya kuliko la kwanza. Ile video niliikata pale mikono iko juu. Nikaituma Kasongo.

Kosa la tatu: sikuenda kumuona. Mwalimu aliniandikia kwamba Muzee ananiuliza, mara mbili. Nilinunua machungwa, nikafika mpaka kwenye mulango wa hospitali. Nikasimama. Ningemuambia nini? Telefone ingetafsiri nini? Nikarudi na machungwa yangu, nikayala peke yangu, moja baada ya moja, yote. Na ukumbini sikurudi tena.

Miaka miwili mingine niliishi Japani na kisahani cha dukani tu.

Niliporudi Kasongo, ndugu zangu! Moto zilipiga honi tangu njia ya kiwanja cha ndege. Saidi mwenyewe alinibeba mabegani, akilia: «Nilikosa, shemeji! Nilikosa! Nyoka haina miguu lakini inakimbia!» Sijui alitaka kusema nini, lakini watu walipiga makofi. Kila mutu ananishika mukono. Wanaume, wanawake, mashehe, mapadri. Miaka yote nilikuwa ninalilia mikono, sasa nimeipata mia kwa siku, na ninawaapia, kila mukono ninaouona unanifikia kama kile kisahani. Wanamusalimu yule wa kwenye video.

Mama alikaa nyuma mpaka watu wakapungua. Yeye hajui kusoma, judo haijui. Akamuomba muke wangu amuwekee video. Akaangalia. Akaomba tena. Kisha akaniita kwa jina la utotoni.

«Huyu baba uliyemuangusha, nani alimuinua?»

«Aliamka mwenyewe, mama.»

«Sijamuona akiamka.»

«Video ni fupi, mama.»

«Ni nani aliifanya fupi?»

Nikasema ninaenda kusali. Haikuwa hata saa ya sala!

Hakuacha. Wageni wanakuja, wanacheka, wanasifu, yeye anauliza kutoka kwenye kiti chake: na yule baba? Wanamujibu: mama, huyo ni adui! Anasema: «Ni wa rika langu.»

Mwezi uliopita nikashindwa. Nikamuandikia mwalimu kule Japani, kupitia telefone ya kutafsiri. Nikaandika maneno mawili tu, sikuwa na mengine: Muzee yuko?

Jibu likaja siku ya tatu. Muzee yuko. Anakuja ukumbini kila jumamosi, anakaa pembeni kwenye benchi, mukono wake haufiki tena kwenye kola ya mutu. Na alipoambiwa kwamba nimeandika, alifurahi sana, na yeye ana swali moja kwangu.

«Je, mama yako aliipenda ile video?»

Niliisoma nimesimama ndani ya butiki yangu, wateja wananingoja. Nikafunga mulango. Mimi, niliyesukuma mawese kupanda milima, nikakaa chini sakafuni.

Video nzima bado ninayo. Sikuwahi kuifuta, Mungu anajua sababu. Nikaenda kwa mama, Saidi alikuwa palepale anakula. Nikaiweka. Wakaangalia sekunde tisa wanazozijua, halafu wakaangalia zile wasizozijua: mimi, mikono juu, na nyuma yangu mukono mudogo unaopiga mukeka. Pa, pa.

Saidi akaacha kutafuna. «Shemeji,» akasema polepole, «ungebaki umeikata.»

Mama akamufukuza. «Toka na sahani yako.»

Tukabaki wawili. Nikamuambia yote, na swali la Muzee nikamuambia pia. Halafu akasema:

«Mujibu. Muambie mama hakuipenda. Kiisha muulize anatumia mukono gani kula siku hizi. Ile siku ulitumia jina langu na sikukutuma. Sasa ninakutuma: musalimie.»

Nimemujibu hivyo, neno kwa neno. Leo ni siku ya sita. Telefone iko mezani, ninaiangalia.

Video siwezi kuikusanya tena. Imeingia kwenye telefone nyingi, mpaka ndani ya mashimo ya Lusangi. Ndiyo maana ninaandika, ili maneno haya yaifuate nyuma, hata kwa kuchechemea.

Na ninyi mulio mbali, Ulaya, Asia, popote, munaotaka watu wa kwenu wawaone wakubwa: nawasihi! Huko uliko kuna mutu mumoja amekubali kukushika ulipokuwa hakuna wa kukushika. Siku utakapotaka kunyanyua mikono yako ili watu wakupigie makofi, angalia kwanza ndani ya kiganja. Kama mukono wa mutu uko ndani, acha makofi yapite!